Treni ya Mlevi na Mashua ya Mjomba

Nimewahi kufanya kazi ya reli kwa asubuhi moja ukumbini na siku moja ziwani. Sikushika nyundo wala bendera ya kijani. Nilitafsiri tu. Lakini nilitafsiri vizuri kuliko ilivyohitajika, watu wakaamini, na mmoja wa walioamini alikuwa mjomba wangu, ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nyumba yangu iko Voi, shule ninayofundisha iko karibu na Mwatate. Baba alikuwa Mdawida wa Ronge, mama Mtaveta wa kando ya Ziwa Jipe, kwa hiyo utotoni nilikuwa mtu wa mlimani miezi ya shule na mtu wa ziwani wakati wa likizo. Kati ya mlima na ziwa palikuwa na treni.

Wanafunzi wangu nikiwaambia kwamba tulikuwa tukipanda treni hapa Mwatate kwenda Taveta, wananitazama kwa huruma, kama mtu anayedai alisoma darasa moja na Nabii Nuhu. Lakini ilikuwepo. Ilikuwa na viti vya mbao na haikuwa na haraka na mtu. Niliwahi kumwona mwanamume akishuka Maktau kumsalimia shemeji yake, wakaulizana habari za nyumba zote mbili, za wazima na za wagonjwa, kisha akarudi akapanda behewa lile lile. Mama alikuwa akibeba kazi ya kusuka. Tuliondoka Mwatate na nyuzi za mkonge, tukafika Taveta na nusu ya kikapu. Hakuna aliyelalamika.

Taveta tulipokewa na mjomba, kaka mkubwa wa mama. Alinibeba mbele kwenye baiskeli hadi ziwani, akanipandisha kwenye mtumbwi wake na kunipa somo la usafiri ambalo sijapata jingine la kulizidi: "Kaa katikati. Usimtazame kiboko. Nitazame mimi." Kisha akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo kwenye maji mafupi, akatupitisha katikati ya matete bila kuyagusa. Mjomba aliunda vyombo vyake mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimwuliza swali ungeweza kupata jibu baada ya chakula.

Treni ile ilikoma kubeba abiria, nyasi zikaota kati ya vyuma. Miaka ikapita, barabara ikatiwa lami, na reli mpya ya SGR ikaja Voi na stesheni yake kubwa nje ya mji. Naipenda, sitaki kusema uongo. Ila mara ya kwanza kuipanda nilikuwa nimebeba samaki wa Jipe waliokaushwa, zawadi ya dada yangu aliye Nairobi, na pale tunapopangishwa mizigo chini ili mbwa ainuse, mbwa alipofika kwenye mfuko wangu alikaa kitako akakataa kuondoka. Askari aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia. Akamwambia mbwa. Ilibidi avutwe.

Basi tulikuwa tumezoea hivyo, tukidhani maendeleo ya reli yamekwisha kutufikia, pale tulipoambiwa kwamba hayajaanza.

Siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini. Palikuwa na mgeni aliyetoka kwa mheshimiwa mmoja, ambaye cheo chake sitakitaja kwa sababu alikuwa na vyeo viwili na alikuwa akitafuta cha tatu. Mgeni alisema kuna kampuni ya washauri imekuja na mpango wa treni ya siku zijazo, kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura hadi Taveta na kumalizikia Jipe. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Mtaalamu wao hajui Kiswahili vizuri. Je, shule ina mtu?

"Tunaye," mwalimu mkuu akasema, akininyooshea kidole kama mtu anayetoa mbuzi.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mmoja wa Mwatate. Watu walijaa, kwa sababu tangazo lilisema kutakuwa na chai. Mtaalamu alikuwa kijana nadhifu, Mkenya kama sisi, ila alikuwa amesoma mbali sana na Kiswahili kikamponyoka njiani. Aliwasha projekta, na ukutani ikatokea treni nyeupe, laini kama sabuni iliyotumika, ikipaa juu ya njia yake bila kuigusa. Aliiita kwa jina la kitaalamu ambalo kwa masikio yetu lilikuwa kitu kama "maglevu".

Mzee mmoja aliyekaa mbele alimgeukia jirani yake. "Amesema treni ya mlevi?"

"Mlevi, ndiyo. Si unaona haikanyagi chini?"

Jina likashika hapo hapo. Hadi leo, kote kuanzia Mwatate hadi Ronge, mradi ule unaitwa Treni ya Mlevi.

Nilisimama kando ya mtaalamu na kipaza sauti changu. Yeye alisema kwa Kiingereza jambo kavu kuhusu nguvu za sumaku na msuguano. Mimi nikasema, "Chombo hiki hakigusi chini, ndugu zangu. Huelea juu ya njia yake kama tai anavyoelea juu ya mlima wa Vuria, kisha huenda." Watu wakapiga makofi. Mtaalamu akanitazama kwa mshangao. Nadhani hakuna aliyewahi kuyapigia msuguano makofi mbele yake.

Nilipaswa kukoma hapo. Lakini mimi hufundisha vijana ambao husinzia nikiwasomea shairi, na siku hiyo watu wazima mia kadhaa walikuwa wamenikodolea macho wakingoja neno langu. Makofi yale yalinipanda kichwani. Mtaalamu akasema safari itakuwa fupi kuliko mapumziko ya kahawa, nikasema, "Utapanda Voi na kikombe cha chai mkononi, utashuka Taveta chai ingali moto." Makofi. Akaonyesha picha ya stesheni ya vioo kando ya Ziwa Jipe, na mbele yake vyombo vyeupe vimepangwa majini. Akasema abiria watahamia kwenye vyombo vya burudani vya majini. Nikasema, "Abiria atatoka kwenye treni na kuingia kwenye mashua bila kukanyaga tope, na huko atawakuta manahodha wenye uzoefu wakimngoja."

Hakuwa amesema lolote kuhusu manahodha. Niliwaongeza mimi. Mashua bila nahodha, kwa Kiswahili changu, ni sentensi iliyokosa kiima, nami sikuona ubaya wa kuikamilisha.

Kisha yakaja maswali. Mama mmoja mkulima, jirani yetu wa Ronge, alisimama na kujifunga leso vizuri.

"Mimi nauliza, itasimama Ronge?"

Nikamtafsiria mtaalamu. Alieleza kwamba chombo chenye kasi ile hakiwezi kusimama kila mahali; kikitaka kusimama Mwatate lazima kianze kufikiria kusimama kikiwa Voi.

"Kwa hiyo itatupita?"

"Itawapita," nikasema.

"Kwa kasi?"

"Kwa kasi sana."

"Haya," akasema, "basi hiyo tumeizoea," akaketi.

Mwanamume mmoja aliuliza kama ndovu wameambiwa. Mtaalamu akajibu kwamba washikadau wote watahusishwa. Nilipotafsiri, ukumbi ulikubali kwa sauti moja kwamba ndovu kweli ni mshikadau, tena mkubwa, na kwamba kila msimu hujihusisha mwenyewe na mahindi yao bila mwaliko. Kijana mmoja akauliza maji ya bomba yatafika lini. Mheshimiwa aliinuka kwa mara ya kwanza, akasema tusitoke nje ya mada.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mkongwe sana. Alikuwa ameitazama ile picha ya stesheni muda wote. Katika picha hiyo kulikuwa na watu wengi wazuri, warefu, wenye miwani ya jua. Mmoja alikuwa akimtembeza mbwa mweupe, mwingine ameshika maua.

"Mwalimu," akasema, "sisi tuko wapi kwenye hiyo picha?"

Mtaalamu hakuhitaji tafsiri. Aliikaribia picha na kuiangalia vizuri, kisha akasema ile ilikuwa picha ya mfano tu. Nikatafsiri hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuongeza kitu. Chai ikaletwa.

Sikujua kwamba redio moja ya hapa kwetu ilikuwa imerekodi. Siku mbili baadaye simu yangu iliita nikiwa nasahihisha insha. Alikuwa mjomba. Mjomba hupiga simu mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kuuliza nani amekufa.

"Nimekusikia redioni," akasema.

"Kumbe, mjomba."

"Hiyo treni ni kweli?"

"Mjomba, mimi nilitafsiri tu."

"Wewe ndiye uliyesema. Yule mwingine sikumwelewa." Nyuma yake nikasikia mbuzi wakilia. "Umesema watahitaji manahodha wenye uzoefu."

Hapo ndipo ningemwambia. Nilikuwa na maneno yote. Ndiyo kazi yangu. Lakini sauti yake ilikuwa imechangamka kuliko nilivyoisikia tangu tumzike mama, na mimi mwenyewe, kwa kuirudia rudia ile habari ya tai na chai, nilikuwa nimeanza kuiamini. Nikasema, "Ndivyo mpango ulivyo."

"Basi mtumbwi hautafaa. Watu wa treni hawawezi kukaa mtumbwini. Inatakiwa mashua ya mbao, yenye viti." Akafikiri. "Ile migrevilea ya baba yako huko Ronge bado imesimama?"

Ilikuwepo minne kwenye mpaka wa shamba. Nilimpa miwili. Nilikwenda mwenyewe siku ya kuikata, nikasimamia upasuaji, nikazipakia mbao kwenye lori la mtu aliyekuwa akirudi Taveta bila mzigo. Yule jirani yetu aliyeuliza kama treni itasimama alikuja kutazama.

"Zinaenda kujenga nini?"

"Mashua," nikasema.

Akatazama mteremko, migomba na mawe, akatazama upande wa Jipe ambako hata hakuonekani. "Mashua," akarudia taratibu, akaenda zake kuwasimulia wengine.

Mjomba alichukua miezi mitano. Binamu yangu, mwanawe wa mwisho, alikuwa akinitumia picha: mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, umelazwa chini, mbavu zimesimama, mbao zimeanza kupanda. Mzee alikuwa na zaidi ya miaka sabini na alipinda kila ubao mwenyewe. Aliziba nyufa kwa pamba na lami. Aliweka viti vinne vya kukaa watu wawili wawili, na kwenye kila kiti akatandika kipande cha godoro kilichoshonewa kitambaa, kwa ajili ya watu wa treni. Kila picha iliyoingia niliitazama kwa furaha, halafu nikaizima simu haraka.

Kisha niliitwa tena. Mtaalamu na mheshimiwa walikuwa wanakwenda Jipe kukagua mahali pa stesheni, nami nilihitajika iwapo watakutana na mwananchi.

Tulitoka Voi kwa magari saba. La saba lilikuwa likivuta boti ya mwendo kasi, nyeupe, iliyoletwa kutoka Mombasa pamoja na dereva wake. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba ziwa lile halina vyombo. Tulipofika, watu wa ufuoni walisimama kuitazama boti ikishushwa. Mmoja wa wavuvi alimwonya dereva kuhusu magugu. Dereva akasema yeye ni mtu wa bahari.

Tulipanda wanne: dereva, mheshimiwa, mtaalamu na mimi. Tulivaa makoti ya kuokolea maisha yenye rangi ya karoti. Injini ilinguruma, pua ya boti ikainuka, na kwa muda mfupi nakiri tulielea kweli kama ile treni. Milima ya Upare ilikuwa mbele yetu, upepo usoni. Mheshimiwa akapaza sauti, "Hii ndiyo Jipe mpya!" Mara boti ikayaingia matete, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Propela ilikuwa imesokotwa na magugu kama uzi kwenye cherehani. Dereva aliivuta kamba ya injini, akaivuta tena, akainama nyuma na kisu, akarudi na kiganja kimoja cha majani na ziwa zima limebaki. Hatukwenda mbele wala nyuma. Palikuwa kimya. Halafu mahali fulani karibu sana, nyuma ya matete, kiboko akakoroma.

"Ni nini hicho?" mheshimiwa akauliza, ingawa alijua.

"Mshikadau," nikasema. Sikuweza kujizuia.

Hapo simu ya mheshimiwa ikalia kwa ujumbe. Aliusoma, uso ukambadilika. Akanionyesha. Ilikuwa kampuni ya simu ikimwambia: Karibu Tanzania.

"Tumevuka mpaka?"

"Mpaka unapita humu ziwani, mheshimiwa. Labda ni mtandao tu."

"Mimi sina kibali cha kusafiri nje!" Alijikunyata katikati ya boti kana kwamba katikati palikuwa Kenya. Kisha yeye na mtaalamu wakaanza kubishana iwapo wapige kelele, na kama watapiga, wapige kwa nchi gani.

Wakati wakibishana, niliyaona matete yakifunguka, na mashua ya mbao ikatokea taratibu bila kelele. Nyuma yake alisimama mjomba na upondo wake. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya kwenda kanisani. Alikuwa ametusubiri ufuoni tangu asubuhi, binamu alinieleza baadaye, ili awaonyeshe wageni chombo chake, lakini tulipita mbele yake kwa kasi bila kumwona.

Alituhamisha mmoja mmoja. Mtaalamu alikalia kile kipande cha godoro na kukishika kwa mikono yote miwili. Boti nyeupe ikafungwa kamba nyuma, na dereva wa bahari akabaki ndani yake kwa hiari, kwa aibu. Mjomba akachomeka upondo, akasukuma. Tukaenda.

Alinisalimia kwa Kitaveta, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Ndiye huyu mwenye treni?"

"Ndiye, mjomba."

"Muulize stesheni itakaa wapi."

Niliuliza. Mtaalamu alitoa ramani kwenye simu yake, akaigeuza, akatazama milima, akanyoosha kidole nyuma yetu, mahali pale pale tulipokuwa tumekwama.

"Pale ni maji," mjomba akasema.

"Kwenye ramani ni nchi kavu," mtaalamu akajibu.

"Mwambie ziwa hili huja na kwenda. Ramani yake ilichorwa likiwa limekwenda."

Nilimwambia. Mtaalamu akaandika. Mjomba akasukuma tena mara tatu au nne, na mimi nilijua swali linalofuata, nikatamani kiboko atokee.

"Sasa muulize. Manahodha wataanza kuandikwa lini? Mwambie chombo kiko tayari. Si unaona wamekikalia?"

Nikamgeukia mtaalamu na kuuliza, kwa Kiingereza changu chote, kama katika mpango wao kuna kazi ya nahodha. Alifurahi kuulizwa jambo analolijua. Akaeleza kwamba hapana, huo ndio uzuri wake: mashua zitajiendesha zenyewe kwa kompyuta, hazitakuwa na mtu.

Mheshimiwa alikuwa akiitazama simu yake. Mtaalamu alikuwa akitabasamu. Hakuna ambaye angejua kama ningesema kitu kingine. Mjomba alikuwa ameacha kusukuma, maji yakidondoka kutoka kwenye upondo, akingoja.

"Mjomba," nikasema, "anasema mashua zao hazina nahodha. Zinajiendesha zenyewe. Yale ya manahodha hakuyasema yeye. Niliyaongeza mimi."

Hakupandisha sauti. Aligeuza kichwa, akaitazama ile boti nyeupe tuliyokuwa tukiivuta kwa kamba, injini juu, majani yakining'inia.

"Zinajiendesha," akasema. "Kama ile?"

Mtaalamu aliniuliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Hakuandika.

Mpaka tunafika ufuoni mjomba hakunisemesha tena. Alimshika mheshimiwa mkono kumshusha, akamshika mtaalamu. Mimi nilishuka mwenyewe. Mpiga picha wa msafara alimwomba mheshimiwa arudi kwenye mashua asimame, akamwomba mzee asogee kidogo pembeni, kidogo tena, na picha ikapigwa. Niliiona baadaye kwenye ripoti. Mheshimiwa amesimama kwenye mashua ya mjomba akinyoosha kidole mbali, na maneno chini yake yanasema ni hatua za awali za usafiri wa kisasa wa majini. Upande wa kulia linaonekana bega la shati jeupe.

Treni haikuja. Siwezi hata kusema ilikufa, kwa maana hatukuambiwa hivyo. Tuliambiwa imehamishiwa awamu ya tatu, na mimi sijawahi kumpata mtu aliyeiona awamu ya kwanza. Mtaalamu alihamia mradi mwingine, nasikia ni wa viwanja vya ndege. Mheshimiwa alikipata kile cheo cha tatu.

Mimi sikulala vizuri kwa muda. Mwishowe nikaenda kwa ile redio, nikamwambia kijana wa mapokezi kwamba nataka kufanya marekebisho.

"Kipindi cha marekebisho hatuna, madam," akasema. "Tuko na salamu, tuko na mifugo iliyopotea, na tuko na vifo."

Salamu zilikuwa zimejaa hadi wiki ijayo. Mifugo ilihitaji barua ya chifu. Nikachukua vifo. Jioni ya siku hiyo, kati ya tangazo la mazishi ya Bura na la Mwatate, na muziki wa huzuni ukipiga kwa mbali, nilisoma kwamba mimi, mwalimu niliyetafsiri kwenye mkutano wa treni, nasikitika kuwatangazia wananchi kwamba habari za manahodha wa Jipe hazikuwa za kampuni bali zilikuwa zangu, na kwamba aliyekata mti, aliyeuza kitu au aliyeacha kazi kwa ajili ya maneno hayo anisamehe.

Simu zilianza kabla sijafika nyumbani. Jirani yetu wa Ronge alikuwa wa kwanza. "Pole sana, mwalimu, nimesikia umefiwa na treni. Matanga ni wapi?" Wengine hawakuwa wakitania, walisikia muziki na jina langu, wakaanza kuchanga. Kesho yake mwalimu mkuu aliniita ofisini, akasema ametumwa anikaripie. Kisha akauliza kama nimekaripika. Nikasema ndiyo. Akanirudisha darasani.

Likizo ilipofika nilikwenda Jipe. Nilibeba ndizi na mkungu wa maneno niliyoyaandaa njia nzima. Mjomba alikuwa ufuoni akipaka lami. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Nilikasirika wiki mbili," akasema. "Mke wangu akaniambia hasira haizibi matundu, niende nikapake lami. Nikaenda." Akanionyesha ubavu wa mashua. "Mbao zako za Ronge zinavuja. Hazijazoea maji."

Alinieleza kwamba mvua ilipozidi na ziwa likapanda, njia ya kwenda kwenye maboma ya upande wa pili ilifunikwa, na mashua ndiyo iliyobaki kupeleka watu. Inabeba akina mama na nyanya zao, inabeba mbuzi, na mara mbili kwa mwezi inambeba muuguzi wa chanjo. Siku hiyo ilikuwa ya muuguzi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kasha la barafu lililofungwa mkanda, akiwa amekalia godoro lake tayari.

"Panda," mjomba akaniambia. "Leo utasukuma wewe. Mimi nimechoka na watu wa maneno."

Nilisema siwezi. Alinipa upondo. Kwanza niliizungusha mashua mara mbili papo hapo, huku wavuvi wakiacha nyavu zao kutazama. Kisha nikafanikiwa. Nilichomeka upondo ndani kabisa kwenye tope, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na mashua ikaondoka vizuri sana, kwa unyoofu, ila mimi nilikuwa bado nimeushika upondo, nao upondo ulikuwa bado umeshika tope.

Muuguzi alipiga yowe na kulikumbatia kasha la chanjo kwa mikono miwili. Mimi hakunikumbatia mtu. Nilisimama na maji kiunoni, leso ikielea pembeni yangu, nikimwona mjomba akienda zake mgongo kwanza, amekaa kitako kwenye kiti cha watu wa treni, akicheka hadi amejishika mbavu.

"Ng'oa upondo kwanza!" akanipazia sauti. "Ung'oe, uje nao! Sisi huku hatuna kompyuta!"